Fundi wa Meno na Tuba ya Mumewe

Asubuhi moja ya Jumamosi, chai ikiwa bado inatoa mvuke, mume wa fundi wa meno alisema kwamba anairudisha tuba.

Alisema kama mtu anayesema leo atakwenda kunyolewa. Alipaka siagi kwenye kipande cha mkate, akakikunja, akakitazama, kisha akakirudisha kwenye sahani bila kukiuma.

"Nimeshaongea na Kapteni," alisema. "Baada ya wiki tatu kuna mazoezi ya bendi nzima. Siku hiyo nitakwenda nayo, nimkabidhi mbele ya wenzangu. Amempata yule mpiga matoazi, atafundishwa."

"Kwa nini, Baba?"

"Pumzi imeniishia, Mama. Hakuna cha kufichana."

Mkewe alishika kijiko. Alikoroga chai ambayo sukari yake ilikwisha yeyuka zamani. Walikuwa na miaka ishirini na tisa ya ndoa, watoto wawili walioshika njia zao, na katika miaka hiyo yote tuba haijawahi kutoka nyumbani bila mwenyewe kuwa chini yake.

Tuba ni tarumbeta kubwa kuliko zote katika bendi. Ukiipakata, mdomo wake unapita juu ya kichwa chako. Kazi yake si kuimba wimbo. Kazi yake ni kukanyaga chini, bom, bom, wakati wengine wanaruka juu huko na madaha yao. Watu wengi husikiliza bendi nzima wasijue kama tuba ipo. Lakini ikinyamaza, hata asiyejua muziki atageuka aulize kuna nini.

Bendi hiyo ya mtaa ilipiga popote ilipoitwa: kwenye sherehe, kwenye misiba, kwenye ufunguzi wa duka la viatu. Mume wa fundi alikaa safu ya nyuma tangu alipokuwa na nywele. Kazi yake ya mshahara ilikuwa kusoma mita za maji. Kwa miaka zaidi ya thelathini alitembea nyumba hadi nyumba na daftari lake, akapanda ngazi za ghorofa ambazo wenzake walizikwepa, na jioni akaja kupuliza. Wenzake wa bendi walimbandika jina la Mapafu, kwa sababu aliweza kuishikilia noti moja mpaka mpiga ngoma akaanza kuangalia saa. Jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake.

Sasa alikuwa na miaka sitini na sita, amestaafu, na kwa karibu mwaka mzima sauti ya tuba ilikuwa imemgeukia. Ilitoka nzito na yenye ukungu, kama mtu anayeongea huku amefunikwa blanketi. Akipiga nusu saa, kifua kinamwuma. Alikwenda hospitali, wakamsikiliza mbele na nyuma, wakampulizisha kwenye kifaa, wakamwambia kifua chake ni cha mtu wa miaka hamsini. Hakuamini.

"Yule daktari ana adabu sana," alimwambia mkewe siku ile. "Amelelewa vizuri. Hawezi kumwambia mtu mzima ukweli."

Tangu hapo, mtu akimwita Mapafu, alikuwa anajifanya anatafuta kitu mfukoni.

Mkewe alikuwa mwanamke mfupi wa miaka hamsini na saba, mwenye vidole vyembamba na miwani mbili, moja ya kutazamia watu na nyingine ya kutazamia kazi. Alifanya kazi katika chumba kidogo nyuma ya zahanati ya meno. Daktari alikaa mbele na kiti chake kinachopanda na kushuka. Yeye alikaa nyuma na plasta, nta, moto mdogo wa gesi na mashine ya kung'arishia. Wagonjwa hawakumjua. Walijua tu kwamba vinywa vyao vilipimwa Jumatatu na Ijumaa meno yakawa tayari.

Lakini yeye aliwajua. Akienda sokoni, alikutana na kazi yake ikicheka. Alimwona mwalimu mkuu akiguguna hindi kwa meno ya juu aliyoyachonga yeye, akaona raha, akapita kimya. Aliyajua meno ya bandia ya nusu ya mtaa na hajawahi kumtaja mtu. Hata wifi yake, ambaye angelipa nauli kusikia habari za namna hiyo, hajawahi kumchokonoa akafanikiwa.

Hata mumewe alimpata kwa njia ya jino. Alikuja zahanati akiwa kijana, jino la mbele limevunjika, uso umempauka kwa hofu kwa sababu mpuliza tuba bila jino la mbele ni sawa na dereva bila usukani. Fundi alimtengenezea jino, na siku hiyo akaitwa mbele kulijaribisha. Wiki iliyofuata mume akarudi akasema limelegea. Halikuwa limelegea. Akarudi tena. Mara ya tatu daktari alimwambia, "Bwana, jino ni zima. Mlango wa fundi ni ule pale, nenda kaongee naye mwenyewe."

Basi Jumamosi ile, baada ya chai, mume alichukua tuba akatoka nayo uani. Alisema anakwenda kuiaga. Mkewe alibaki jikoni anaosha vyombo, dirisha wazi.

Akasikia. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake, alisikiliza ile tuba kama anavyosikiliza mashine ya kazini inapoanza kulia vibaya. Zamani ilikuwa sauti ya nyumbani tu, kama maji ya bomba. Sasa alisikia kitu kingine. Noti moja ilitoka pana, imejaa, ya zamani ile ile. Iliyofuata ikafifia. Halafu nzuri. Halafu mbili zenye ukungu, na chini yake kelele ndogo, taka-taka, taka-taka, kama meno ya mtu mwenye baridi.

Alizima maji, akajifuta mikono, akatoka.

Wifi yake alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua maharage. Huyu alikuwa dada mkubwa wa mume, mjane, aliyeishi nao katika chumba cha uani na aliyekuwa na maoni juu ya kila kitu.

"Mwache mdogo wangu alie kidogo," wifi alisema. "Mwanamume akilia kwa tarumbeta ni heri kuliko akilia kwa chupa."

"Wifi, sikiliza," fundi alisema. "Baba, hebu rudia ile ya kwanza. Halafu ile mbaya."

"Zote mbaya."

"Rudia tu."

Akarudia, shingo upande. Fundi alisimama mbele yake, akatazama si mashavu wala kifua, bali mkono wa kulia.

"Nyingine."

"Mama, mimi si redio."

"Nyingine, Baba."

Akachukua bahasha kuukuu na kalamu. Kila noti aliyopiga mumewe, aliandika vidole vilivyobonyeza na kama sauti ilikuwa safi au ya ukungu. Walipofika noti ya kumi na mbili, alivua miwani ya kutazamia watu, akavaa ile ya kazi, akaisoma bahasha.

"Usipobonyeza kitu, sauti ni nzuri," alisema. "Ukibonyeza kidole cha kwanza, nzuri kidogo. Kidole cha kati kikishuka tu, inaharibika. Na cha tatu vile vile. Sasa niambie, mapafu yako yanajuaje kwamba umebonyeza kidole cha kati?"

Mume alivitazama vidole vyake.

"Pumzi ikiisha, inaisha kwa noti zote," fundi alisema. "Haichagui vidole."

"Unataka kusema nini?"

"Nataka kusema niifungue nitazame ndani."

Hapo mume akaikumbatia tuba kama mtu anayenyang'anywa mtoto. Hakuna aliyewahi kuifungua ila yeye, naye aliifungua kwa ajili ya kutia mafuta tu, akiuma ulimi, na kuifunga haraka.

"Tuba si meno ya bandia, Mama."

"Na hilo jino unalopulizia?" mkewe aliuliza taratibu. "Ni la nani? Miaka thelathini linagonga shaba hiyo. Umewahi kurudi kulalamika?"

"Alirudi mara tatu," wifi alisema bila kuinua uso kutoka kwenye maharage. "Mtaa mzima unajua."

Mume alijaribu kukunja uso ukakataa, akacheka. Alipocheka, mikono ikalegea.

Jumatatu fundi alimwomba daktari kioo kimoja cha zamani, kile kidogo cha duara chenye mpini mrefu ambacho madaktari wa meno hukiingiza kinywani kuona nyuma ya magego. Daktari alidhani amepata kazi ya pembeni.

"Mgonjwa gani huyo?"

"Wa nyumbani. Ana koo refu sana."

Saa kumi na nusu jioni, jua likiwa bado lina nguvu, walikaa wote wawili kwenye meza ya jikoni na tuba katikati yao imelazwa juu ya taulo. Tuba ile ilikuwa na vali tatu zilizosimama bega kwa bega kama vikombe virefu vya shaba. Ndani ya kila vali kuna pistoni yenye matundu, inayopanda na kushuka kwa springi. Ukibonyeza kitufe, pistoni inashuka, tundu lake linakutana na mdomo wa bomba jingine, na hewa inapita njia ndefu zaidi. Inashuka hadi wapi? Hadi kitufe kitue juu ya washa, kipete cha sufu iliyoshindiliwa. Inapanda hadi wapi? Hadi washa nyingine, iliyo chini ya kifuniko, iizuie. Basi vipande hivyo vya sufu, vidogo kuliko kifungo cha koti, ndivyo vinavyosema tundu likutane na bomba au lipishane nalo.

Fundi alichomoa bomba fupi la vali ya kati, akaingiza kioo, akawasha tochi ndogo.

"Bonyeza."

Mume akabonyeza. Fundi akainamisha kichwa huku na huku kama anavyofanya akitazama gego la mwisho.

"Njoo uone mwenyewe."

Mume aliinama, jicho moja limefungwa. Ndani ya kioo aliona duara jeusi la tundu, na juu yake kipande cha shaba kinachong'aa, umbo la mwezi mchanga, kimeziba karibu robo ya mlango.

"Hicho ni nini?"

"Hicho ndicho kinachokuchosha. Pistoni inashuka kupita kiasi. Washa yake imekwisha." Alikifungua kitufe, akaitoa, akamwekea kiganjani. Ilikuwa nyeusi, ngumu, imebonyea kama godoro la jela. "Hewa yako inafika hapo inakuta mlango umerudishwa nusu. Wewe unasukuma, mlango unakataa, kifua kinauma."

Mume aliigeuza ile washa kwa kidole. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Mwaka mzima, Mama. Mwaka mzima nalala nahesabu pumzi zangu."

"Najua. Nilikuwa nakusikia."

Mkewe aliinuka. Alimsogezea kikombe cha maji, akaendelea na vali ya tatu, kisha ya kwanza. Zote zilikuwa na ugonjwa ule ule, zikizidiana tu. Springi zilikuwa zimechoka. Na ile kelele ya taka-taka ilitoka kwenye kipande kidogo cha plastiki kilichochomoza ubavuni mwa kila pistoni, kinachoteleza kwenye mfereji mwembamba ili pistoni isizunguke. Vyote vitatu vilikuwa vimelika.

"Wenyewe mnakiitaje hiki?" fundi aliuliza.

"Kijino."

Fundi alicheka mpaka miwani ikamteleza puani. "Kumbe siku zote humu mna meno na hukuniambia!"

Kesho yake alimpigia simu kiongozi wa bendi, yule waliyemwita Kapteni kwa sababu ya kofia yake, si kwa sababu ya jeshi. Kapteni alikuwa na roho nzuri na haraka nyingi.

"Shemeji, mimi sikumfukuza," alianza kujitetea kabla hajaulizwa. "Mapafu mwenyewe ndiye aliyesema."

"Sikupigii kwa hilo. Nataka kujua vipuri vya tuba vinapatikana wapi."

Kapteni alijua duka la vyombo vya muziki katika mji mwingine. Fundi alipima kila kitu kwa kipimo anachopimia unene wa meno, akaandika kwa mistari iliyonyooka: springi tatu, washa za juu tatu, washa za chini tatu, vijino vitatu, kila kimoja na upana wake na urefu wake. Duka likajibu kwamba halijawahi kupokea oda inayosomeka namna hiyo.

Kifurushi kilichukua siku kumi na sita. Kilipofika, zilikuwa zimebaki siku mbili kabla ya mazoezi. Mume alikwenda posta kukichukua mwenyewe, na njiani akakifungua upande mmoja kwa ukucha, akachungulia, akakifunga tena kwa mate.

Siku iliyofuata fundi aliomba ruhusa asiende kazini. Alitandika meza ya jikoni kitambaa cheupe, akaleta trei yake ya chuma kutoka kazini, akavaa miwani ya kazi. Akachukua karatasi, akachora visanduku vitatu, moja, mbili, tatu, na kila pistoni aliyoitoa akailaza kwenye kisanduku chake. Mume alipewa kazi ya kukaa kitini na kutogusa kitu, nayo ilimshinda mara mbili.

Springi ziliingia bila ubishi. Vijino vipya vilikuwa vinene kwa unywele. Fundi alikuwa na karatasi ya buluu ambayo wagonjwa hung'ata ili daktari aone jino gani linagusa kabla ya mengine. Akaipitisha kati ya kijino na mfereji wake, akasukuma pistoni mara moja, akaitoa, na pale palipokwaruza pakawa na doa la buluu. Akapasugua doa lile tu, kwa msasa laini, akarudia. Mara ya nne pistoni ilishuka na kupanda bila sauti yoyote.

Washa ndizo zilizomsumbua. Zilikuja nene mno. Ukizifunga hivyo, pistoni haifiki chini, na ule mwezi mchanga unahamia upande wa pili wa tundu. Fundi alilaza msasa juu ya kipande cha kioo, akaisugua washa ya kwanza kwa kidole kimoja, mizunguko mitano, akaifunga, akaingiza kioo chake cha meno, akatazama. Bado. Mizunguko mitatu. Bado kidogo. Miwili. Akaweka msasa chini.

"Imekaa?" mume aliuliza.

"Njoo."

Duara lilikuwa duara. Hapakuwa na mwezi.

Alipomaliza washa ya sita mgongo ulikuwa umemkauka. Alizitoa pistoni kwa mara ya mwisho azifute na azitie mafuta mepesi, akazilaza kwenye visanduku vyake, akasema anakwenda kunawa uso. Mume alimfuata hadi bombani akimweleza jinsi sauti itakavyokuwa, kana kwamba mkewe alikuwa mgeni wa jambo hilo.

Waliporudi, wifi alikuwa ameweka sahani mezani.

"Chakula kitapoa," alisema. "Hivyo vidude nimevisogeza. Nimevifuta pia, vilikuwa vinachuruzika mafuta."

Pistoni tatu zilikuwa zimelala kwenye taulo, safi, zimepangwa kwa unadhifu mkubwa. Karatasi ya visanduku ilikuwa chini ya sufuria.

Walikula. Fundi alikuwa na njaa, na pengine njaa ndiyo iliyomfanya aamini kwamba zimepangwa kama alivyoziacha. Baada ya chakula alizirudisha moja baada ya nyingine, akafunga vifuniko, akampa mumewe tuba.

Mume alikaa sawasawa kwenye kiti cha uani. Alivuta hewa, akaweka mdomo, akapuliza.

Hakuna kilichotoka.

Alipuliza tena. Mashavu yalimvimba, mishipa ya shingo ikamsimama, macho yakamtoka. Ilikuwa kama kupuliza ukuta. Alishusha tuba mapajani, na fundi akaona rangi ikimtoka usoni.

"Mimi nilisema," mume alinong'ona. "Ni mimi. Si yenyewe."

"Ngoja."

"Mama, acha. Imetosha."

"Nimesema ngoja!" Mara chache sana alipandisha sauti nyumbani mle, na mume alinyamaza kwa mshangao zaidi kuliko kwa utii. Fundi alifungua kifuniko cha kwanza, akaitoa pistoni, akaisogeza kwenye mwanga, akavaa miwani ya kazi juu ya ile nyingine. Shingoni mwa pistoni palikuwa na tarakimu ndogo iliyokwisha futika nusu.

"Wifi," aliita. "Hivi vitu ulivipangaje?"

"Nilianza na kile kinachong'aa zaidi," wifi alijibu kutoka jikoni. "Vibaya?"

Fundi aliketi chini kwenye ngazi. Mabega yalianza kumtikisika, na mume akadhani analia. Alikuwa anacheka. "Namba tatu iko nyumbani kwa namba moja," alisema alipopata pumzi, "na namba moja iko kwa namba tatu. Matundu yote yanatazama ukuta, Baba. Hata upepo wa mvua usingepita humo."

Alizibadilisha. Ilichukua dakika mbili. Safari hii mume hakukaa sawasawa wala hakujiandaa; alipuliza akiwa amesimama, nusu amegeuka, kama mtu anayejaribu maji ya kuoga kwa kidole.

Noti ikatoka. Ilitoka pana na nzito na laini, ikajaza ua, ikagonga bati la banda ikarudi. Kidole cha kati kikashuka, na sauti haikufifia. Kikashuka cha tatu. Mume alipanda ngazi yote ya noti na kuishuka, kisha akaishikilia ile ya chini kabisa, akaishikilia, akaishikilia, mpaka wifi akatoka na mwiko mkononi kuona kama kuna mtu amekufa.

Mume alimaliza noti yake. Aliilaza tuba juu ya taulo, akamshika mkewe mkono wa kulia, ule wenye madoa ya buluu, akaufunika kwa mikono yake miwili. Walikaa hivyo kwenye ngazi. Wifi alirudi ndani kwa kunyata, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo.

Mazoezi yalikuwa siku ya pili, saa tisa alasiri, katika ukumbi wa shule. Fundi alikwenda, na wifi akasema hawezi kumwacha aende peke yake. Walikaa kwenye benchi la nyuma karibu na madirisha. Mpiga matoazi alikuwepo, mtu mkubwa mpole, mikono mapajani, akiitazama tuba kama mtu anayetazama gunia la saruji aliloambiwa alipandishe ghorofani.

"Mapafu," Kapteni alisema, "tuanze na makabidhiano?"

"Tupige kwanza moja," mume alijibu. "Nimalize vizuri."

Kapteni akainua fimbo. Bendi ikaanza, tarumbeta zikaruka mbele, ngoma zikafuata, na chini ya yote tuba ikaanza kukanyaga. Fundi alihisi benchi likitetemeka. Alimtazama mumewe: alikuwa amefumba macho, na mguu wake ulikuwa unapiga sakafu.

Hawakufika hata katikati ya wimbo. Kapteni aligonga fimbo kwenye meza.

"Simama, simama. Besi!" alisema kwa ukali. "Punguza! Unawafunika wenzako, tarumbeta sizisikii kabisa!"

Wote wakamgeukia Kapteni. Kapteni mwenyewe alikuwa wa mwisho kusikia alichokisema. Alibaki na fimbo hewani, mdomo wazi. Mwaka mzima hakuna aliyemwambia mtu huyu apunguze. Walikuwa wanamwambia aongeze, halafu wakaacha kumwambia.

"Samahani, Kapteni," mume alisema. Alijaribu kuuweka uso wake uwe wa mtu aliyekemewa, lakini tabasamu lilimshinda likatoka lote.

"Mapafu!" mpiga ngoma akapaza sauti, na safari hii mwenye jina hakutafuta kitu mfukoni.

Mpiga matoazi aliinuka bila kuambiwa, akaenda kona ya ukumbi, akachukua matoazi yake. "Mimi narudi zangu," alisema, na hakuna mtu aliyewahi kumwona na furaha kama ile.

Wakirudi nyumbani kwa miguu, tuba mgongoni, wifi ametangulia ili awahi kusimulia, mume alipunguza mwendo.

"Mama, nikuambie kitu. Pumzi imepungua kweli. Si kama nilivyodhani, lakini imepungua kidogo."

"Najua. Kwenye ule wimbo wa pili umeiba pumzi mara mbili, ukavuta hewa mahali ambapo zamani hukuvuta."

"Umesikia?"

"Nimesikia. Na hakuna mwingine aliyesikia. Basi iba, Baba. Ukiiba vizuri hivyo, nani atakukamata?"

Mume alicheka, akaiweka tuba vizuri mgongoni, wakaendelea.

Habari hazikukaa. Kabla ya mwezi kwisha, mama mmoja mpiga baritoni, mdogo wake tuba, alibisha hodi mchana akiwa amekumbatia chombo chake kilichofungwa kanga, akasema vali moja inakwama, na kwamba amesikia humu ndani kuna fundi. Mume alimfungulia mlango, akamtazama, akajinyoosha kama karani wa ofisi kubwa.

"Yupo," alisema. "Lakini sasa hivi yuko kazini, anachonga watu meno. Njoo saa kumi na nusu. Na tafadhali, ukifika, pistoni usimpe dada yangu."